Mto Ulijaa na Mvua Hatukuiona: Je, Nirudi na Mwanangu?

"Mwalimu, salamu. Jumamosi mbili zilizopita tulitoka Nairobi watu kumi na wanne, wengi wetu wa kikundi cha kanisa, tukaenda kutembea kando ya mto upande wa mashariki wa milima ya Aberdare hadi kwenye maporomoko ya maji. Asubuhi tulivuka mto mara tatu na maji hayakupita vifundo vya miguu. Kule kwenye maporomoko kulikuwa na jua. Tukala, vijana wakaogelea, tukakaa hadi saa nane mchana. Tuliporudi kwenye kivuko cha pili, saa tisa na kitu, maji yalikuwa mekundu na yalifika magotini, ilhali sisi hatukunyeshewa hata tone. Mwongozaji alifunga kamba kwenye miti ya pande zote mbili, akatuambia tuishike tuvuke upesi. Kijana mmoja aliteleza katikati, akaning'inia kwenye kamba huku maji yakimpiga usoni, mpaka wenzake wawili wakamvuta. Hakuna aliyeumia, ingawa kijana huyo alimeza maji na alikohoa njia nzima. Mume wangu anasema kosa lilikuwa viatu. Mwongozaji anasema mto ulikuwa bado salama. Wengine wanasema tungeshikana mikono. Sasa kikundi kinapanga kurudi Novemba, na mwanangu wa miaka kumi na mitatu anataka kuja nasi. Shuleni ni mwogeleaji hodari. Maji yale yalitoka wapi? Na je, nimruhusu?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo lililokufanya uandike: mwezi wa Novemba, kwenye njia hiyo yenye vivuko vitatu, usimpeleke mwanao, na ningeomba kikundi chenyewe kiahirishe. Safari hiyo ni nzuri na inaweza kufanywa vizuri, tena akiwa pamoja nanyi, lakini inahitaji mwezi mwingine, saa nyingine na makubaliano mengine na mwongozaji. Nitakueleza sababu kwa urefu, maana katika barua yako kuna maelezo matatu ya kilichotokea, ya mumeo, ya mwongozaji na ya wenzako, na yote matatu yanaangalia pale mlipokuwa mmesimama. Chanzo cha tukio hilo kilikuwa juu yenu, mahali ambapo hamngeweza kupaona.

Mto wa mlimani haujazwi na mvua inayokunyeshea wewe. Hujazwa na mvua inayonyesha huko juu mlimani, kwenye miteremko na mabonde yote madogo yanayomwagia maji yake katika mkondo mmoja. Fikiria paa pana la mabati lenye mfereji mmoja wa kukingia maji: tone la kila pembe ya paa huishia kwenye mdomo ule ule wa mfereji, na aliyeweka ndoo pale chini hupokea maji ya paa zima. Mlimani hesabu yake inatisha. Mvua ya milimita 20, ambayo hapa Nairobi tungeiona kuwa ya kawaida tu, ikinyesha juu ya eneo la kilomita 10 za mraba, huangusha maji ya mita za ujazo 200,000, yaani lita milioni 200. Hata kama udongo na mizizi vitanywa sehemu kubwa ya maji hayo, kinachobaki hulazimika kupita katika mfereji wa mawe wenye upana wa hatua chache, na hapo katikati ndipo ninyi mlipokuwa mnavuka.

Kwa nini hamkuiona mvua hiyo? Kwanza, mabonde ya upande wa mashariki wa Aberdare ni ya kina na yamefungwa na migongo ya vilima na miti mirefu, hivyo aliye chini huona kipande kidogo cha mbingu kilicho juu ya kichwa chake, na kipande hicho kinaweza kuwa cheupe kabisa ilhali nyuma ya mgongo wa pili kunanyesha. Pili, milima hiyo hujitengenezea mvua yake. Jua la asubuhi hupasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa kadiri inavyopanda, na kufikia adhuhuri mawingu huwa yamejikusanya kwenye vilele ambavyo hufikia takriban mita 4,000. Ndiyo maana mvua nyingi za huko, hasa katika misimu ya mvua, hunyesha kuanzia mchana hadi jioni, baada ya asubuhi iliyopambazuka safi. Asubuhi ile iliyowapa matumaini haikuwa na habari yoyote kuhusu alasiri. Tatu, maji huchukua muda kusafiri. Mvua iliyonyesha juu saa saba inaweza kuwafikia saa tisa, wakati kule ilikonyesha anga imeshatakata.

Nchi yetu imelipa gharama kubwa kwa kutolijua jambo hili. Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, vijana saba wa kikundi cha kanisa walichukuliwa na maji mnamo Aprili 2012, na Septemba 2019 watu wengine saba walifariki katika makorongo hayo hayo. Siyataji ili kukutisha. Nayataja kwa sababu ninyi pia ni kikundi cha kanisa, mlikuwa na mwongozaji, na mlikwenda kwa nia njema kama walivyokwenda wao.

Sasa turudi kwenye yale maji ya magotini. Mwongozaji wenu anaamini kwamba kina cha magoti ni salama, na kwa maji yaliyotulia angekuwa na haki. Maji yanayokimbia hupimwa kwa njia nyingine. Nguvu inayokusukuma huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne, ikiongezeka mara tatu, msukumo huwa mara tisa. Mto unapojaa, kina na kasi hupanda pamoja, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya mguu wako husukumwa na maji yenye nguvu zaidi, na wakati huo huo maji hukuinua kidogo, uzito wako juu ya nyayo ukapungua, na viatu vikakosa mshiko. Maji mekundu nayo huficha mawe, hata usijue unapokanyaga. Kwa mtu mzima mwenye nguvu, maji ya magotini yanayokwenda kasi ndiyo ukomo, na kwa wengi wetu ukomo huo uko chini zaidi. Pima sasa mahali yanapofika magoti ya mwongozaji kwenye mwili wa mtoto wa miaka kumi na mitatu: ni mapajani, na uzito wa mtoto huyo kwa kawaida ni mdogo kuliko wa mtu mzima.

Hapo ndipo ninapoomba usitegemee uhodari wake wa kuogelea. Najua unajivunia, na una haki, lakini bwawa la shule halina mkondo, halina magogo, halina mawe ya kunasa mguu, na maji yake si ya baridi. Anayeangushwa na mto wa namna hiyo mara nyingi hajapata nafasi ya kuogelea kabla ya kugonga kitu. Akichukuliwa, linalomfaa ni kulala chali, miguu ikitangulia mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vikiwa juu ya maji, huku akijisukuma kwa mikono kuelekea ukingoni, na asijaribu kusimama mpaka maji yawe haba kabisa. Silika humwambia mtu asimame mara moja. Mguu ukipenya kati ya mawe mawili wakati mwili unasukumwa, maji humlaza kifudifudi na kumzuia pale pale.

Kuhusu kamba, nitasema wazi kwa sababu ilikaribia kumwua kijana yule. Watu wengi huiona kamba kama daraja la mikono, na mwongozaji wenu alifanya alichoona wengine wakifanya. Kamba iliyofungwa moja kwa moja kutoka mti hadi mti, ikikata mto kwa pembe mraba, hulegea na kupinda kuelekea maji yanakokwenda mara tu inapopata uzito wa mtu. Anayeteleza huteremka hadi kwenye pindo lile, ambalo liko katikati, penye mkondo mkali kuliko kwingine kote, na hapo hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Maji hujikusanya mgongoni au usoni mwake na kumzamisha huku kamba ikimshikilia. Kama angekuwa amefungwa kiunoni, jambo ambalo nimesikia likipendekezwa mara nyingi, wenzake huenda wasingeweza kumtoa. Kamba mtoni ni chombo cha watu waliofunzwa uokoaji wa majini; mikononi mwa wengine huongeza hatari huku ikiwapa watu ujasiri wa kuingia mahali ambapo wasingethubutu bila hiyo.

Wenzako wanaosema mngeshikana mikono wako karibu zaidi na ukweli, ila namna ya kushikana ndiyo muhimu. Msururu wa watu walioshikana mikono kukata mto huvunjika pale alipo mnyonge, naye huwavuta walio kando yake. Panapokuwa hakuna budi kuvuka maji ya wastani, watu watatu au wanne hujipanga mmoja nyuma ya mwingine, mwenye mwili mkubwa akiwa mbele, akiangalia maji yanakotoka na kushika fimbo imara, na walio nyuma wakimshika kiunoni au mabegani na kusimama katika maji aliyoyapunguzia nguvu. Kisha wote husogea kando, hatua moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mmoja wao. Mishipi ya mikoba hufunguliwa kifuani na kiunoni ili mkoba uweze kuvuliwa mara moja. Hutafutwa mahali mto ulipotanuka na kuwa haba, ukiwa umenyooka, pasipo na magogo wala maporomoko upande wa chini, hata kama njia iliyozoeleka iko kwingine. Mumeo pia hakukosea kabisa: viatu vyenye soli iliyochongeka husaidia sana, na wale wanaovua viatu ili visilowe hujiumiza. Lakini kiatu kizuri hakibadilishi kiasi cha maji.

Yote hayo ni ya maji ya wastani. Kwa maji mliyoyakuta, yaliyokwisha kubadilika rangi na yanayoendelea kupanda, jibu lilikuwa kutovuka. Mlipaswa kupanda mahali pa juu mbali na ukingo, kuvaa nguo kavu, kula, na kungoja. Uzuri wa mito ya miteremko mikali ni kwamba, kama inavyojaa haraka, ndivyo inavyopungua haraka mvua ya juu ikikatika. Mara nyingi saa chache hutosha, ingawa wakati mwingine ni usiku mzima. Najua jinsi inavyokuwa vigumu kusema "tungojee" wakati gari limekodiwa, watoto wako nyumbani na kesho kuna ibada. Hata hivyo, usiku wa baridi msituni ukiwa na koti, kiberiti na chakula unavumilika, na watu hurudi wakisimulia.

Ishara za mto unaojaa mnaweza kujifunza kwa siku moja, na ningependa mwanao azijue kabla ya kujua jina la maporomoko. Mito mingi ya Aberdare hutoka kwenye nyanda za majani na vinamasi vya juu, kwa hiyo maji yake huwa na wekundu hafifu hata siku njema, ila unaona mawe ya chini kupitia kwake. Yakigeuka kuwa mazito, mawe yakapotea machoni, udongo umeanza kushuka. Majani na vijiti vibichi vikianza kupita kwa wingi, maji yameshapanda juu ya kingo huko juu. Mlio hubadilika ukawa mzito, na wakati mwingine utasikia mawe yakigongana chini. Maji yakipungua ghafla bila sababu nayo ni onyo, kwani huenda magogo yameyaziba mahali na yatakapoachiliwa yatakuja kwa mkupuo. Njia rahisi kuliko zote ni hii: mkifika kwenye kila kivuko asubuhi, chagueni jiwe moja na mpige picha mahali maji yalipofika, na mkifika kwenye maporomoko, chomekeni kijiti ukingoni usawa wa maji, mkiangalie kila baada ya robo saa. Kijiti kikizama kiasi cha upana wa vidole viwili, kusanyeni vyombo na mwondoke wakati huo huo, chakula kiwe kimekwisha au hakijaisha.

Umeandika kwa kupita kwamba vijana waliogelea, nami siwezi kupita hivyo. Bwawa lililo chini ya maporomoko linavutia kuliko mahali pengine popote katika safari nzima, na ndilo ninalolihofia zaidi. Povu lile jeupe ni maji yaliyochanganyika na hewa, na mwili hauelei ndani yake kama unavyoelea katika maji matupu. Maji yanayoanguka huzama, huibuka mbele, na sehemu yake hurudi nyuma kuelekea maporomoko, hivyo mwogeleaji aliye karibu huvutwa kule anakokimbia. Baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila hiari, na pumzi hiyo ikivutwa chini ya maji humzamisha. Mawe na vipande vya magogo huanguka kutoka juu. Tena wimbi la mto uliojaa hufika hapo kwanza, na ngurumo ya maji huzuia sauti ya anayekupigia kelele utoke. Vijana waloweshe miguu upande wa chini, mbali na povu, penye maji tulivu wanayoona chini yake. Juu ya maporomoko, kwenye ukingo, mtu asikaribie hata kwa picha. Utelezi wa mwani juu ya jiwe hauonekani mpaka umeshaukanyaga.

Ngurumo hiyo hiyo huwazuia ninyi kumsikia nyati au ndovu kichakani, nao wasiwasikie ninyi. Kwa sababu hiyo pekee, ingieni misitu hiyo mkiwa na askari wa Shirika la Huduma za Misitu (KFS) au, ndani ya hifadhi ya taifa, askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), pamoja na mwongozaji wenu.

Mwezi gani basi? Mvua ya vuli huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Mlipokwenda, udongo ulikuwa bado una nafasi ya kunywa maji. Kufikia katikati ya Novemba utakuwa umeshiba, na mvua ndogo ambayo mwezi Januari ingenywewa yote itateremka moja kwa moja mtoni. Hiyo ndiyo sababu kuu ya kukukataza. Mwishoni mwa Januari na Februari ndio wakati ninaoupendelea kwa njia za mtoni. Juni hadi Agosti huwa na baridi, ukungu na manyunyu katika miteremko hiyo, lakini kwa kawaida mvua za ghafla hupungua, na kwa watu wenye mavazi ya kutosha si wakati mbaya. Katika mwezi wowote, someni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wa kaunti mnakokwenda, si wa Nairobi, na mkisikia kwamba juzi na jana kulinyesha milimani, badilisheni mpango.

Saa nazo zibadilike. Kuondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri kupitia barabara ya Thika si mateso kama yanavyosikika, nanyi mtaanza kutembea kabla ya saa mbili. Wekeni saa ya kugeuka ambayo haijadiliwi: saa tano na nusu mnageuka, hata kama maporomoko yanasikika na hayajaonekana. Lengo ni kuwa mmevuka kivuko cha mwisho kufikia saa saba mchana, kabla ya mlima kuanza mambo yake ya alasiri. Hapa kwetu karibu na ikweta jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia upesi, tena chini ya miti mapema zaidi. Kila mmoja awe na tochi.

Mwongozaji msimtupe kabla hamjazungumza naye. Anaijua njia, naye ana riziki yake pale, na inawezekana hakuna aliyewahi kumfunza haya. Mwulizeni kabla ya kumlipa: vivuko ni vingapi, daraja la karibu liko wapi, alishawahi kugeuza kundi, na atalipwa kamili mkigeuka nusu ya njia? Swali hilo la mwisho mlijibu ninyi, tena kwa ndiyo, kwa sababu mtu anayehofia kukosa malipo atawavusha hata pasipovukika. Kisha kubalianeni kwamba neno "hapana" la mtu mmoja, hata la mtoto, linatosha kuwazuia wote. Akiyakataa masharti haya, tafuteni mwingine.

Kwa mwezi wa Novemba wenyewe, kijana wako asikae nyumbani akinuna. Msitu wa Karura, hapa hapa Nairobi, una maporomoko na njia zilizoandikwa alama, na anaweza kujifunza kuutazama mto huko pasipo kuuvuka, ingawa siku ya mvua kubwa hata hapo akae mbali na ukingo. Mkitaka mlima, maporomoko ya Karuru ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare hushuka jumla ya mita 273 kwa hatua tatu, nayo hutazamwa kutoka jukwaa lililojengwa, bila kuvuka mto. Mpigie simu msimamizi wa hifadhi kwanza, kwa maana barabara za ndani huharibika mvua ikizidi. Popote mtakapokwenda, aliyebaki nyumbani ajue njia yenu na saa ya kurudi, kwani katika mabonde hayo simu hukosa mtandao. Saa hiyo ikipita, apige 999 au 112, au nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo ni 1199. Na kama kikundi chenu kitaendelea na safari hizi, ombeni mafunzo ya huduma ya kwanza ana kwa ana, maana kufufua aliyezama hakufundishiki kwa barua kama hii.

Limebaki jambo la kijana aliyemeza maji, nalo ni la leo. Mtu aliyezama kidogo kisha akaendelea kukohoa, akapumua kwa shida au akalegea, hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kuona kama itapita. Siku zile zimepita, lakini kama bado anakohoa au kifua kinambana, aende akapimwe. Wote mlioingia majini, hasa mwenye mchubuko, chungeni pia homa, maumivu makali ya misuli ya miguu, macho mekundu au ya manjano, kwa wiki mbili hadi nne tangu siku ile. Maji ya mto hubeba vimelea vya homa itokanayo na mikojo ya wanyama, ambayo mwanzoni hufanana na malaria. Yeyote atakayepata dalili hizo amwone daktari, na amwambie bila kuulizwa kwamba alikuwa ndani ya mto wa msituni, na tarehe aliyokuwa huko.